Mbwa wangu anaitwa Nahashon, na sibadilishi

Wasee, mwenye nyumba wetu amenipatia chaguo: nibadilishe jina la mbwa wangu, ama nimpeleke ushago kabla ya tarehe 5. Hajauma mtu. Habweki usiku. Kodi nimelipa. Shida ni jina tu. Mbwa wangu anaitwa Nahashon.

Ilianza Jumamosi asubuhi. Nikafungua grupu ya WhatsApp ya ploti nikapata mesej 43, zote zinamhusu yeye. Mama wa nyumba namba 7, ambaye ni mzee wa kanisa na mimi humheshimu sana, ndiye alikuwa amefungua kikao: "Kijana, hilo ni jina la mtu. Kuna watu wamebatizwa hilo jina. Unasimama kwa korido unaita umbwa na jina la mtu?" Baba wa namba 2 akaongeza: "Hiyo umbwa iitwe Simba kama zingine tuishi kwa amani." Kufika jioni mwenye nyumba akanipigia simu.

Basi leo acha nibishane. Nitaweka sababu zangu zote hapa, pamoja na pingamizi moja ambalo kwa kweli lilinishinda kujibu.

Kwanza mjue Nahashon alipatikana vipi. Nilimkuta nyuma ya buchari, mtoto wa mbwa wa miezi kama mitatu, koko kabisa, rangi ya vumbi. Watoto wa mbwa hurukaruka. Huyu hakuruka. Alikaa chini akanyoosha mgongo, akaniangalia na ule uso wenye mikunjo, kama mzee wa kanisa anayengoja mkutano uanze na ameshaona utachelewa. Nikasema huyu hawezi kuitwa Popi. Huyu ni Nahashon.

Lakini sikukurupuka. Nilimpigia mum kwanza nikamuuliza, "Mum, kwetu kuna mtu aliwahi kuitwa Nahashon?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hakuna. Kwani umepata mtoto?" Nikamwambia ni mbwa. Akakata simu. Nikauliza pia msimamizi wa ploti kama kuna mpangaji anaitwa hivyo, akasema hayuko. Ndiyo nikaamua. Na kabla mniulize: hapana, sikufikiria kumwita Zakayo. Hilo jina Wakenya tulishalipatia kazi nyingine.

Sasa niwaambie kwa nini sitaki Simba.

Nyumbani kwetu tulikuwa na Simba watano. Si kwa wakati mmoja. Mmoja akifa, babangu analeta mwingine, anaitwa Simba. Kwetu Simba halikuwa jina, kilikuwa cheo, kama OCS. Huyu akienda, mwingine anaripoti kazini Jumatatu. Kazi ni ile ile: kufungwa mnyororo mchana kutwa chini ya ghala, kufunguliwa usiku, kula ugali uliobaki, kubweka.

Simba wa tatu ndiye ninayemkumbuka. Alikuwa ananisindikiza hadi barabara ya lami nikienda shule, kisha anarudi mwenyewe. Nikiwa darasa la tano aliumwa mguu, ukaoza, akawa hawezi kulinda. Siku moja nilitoka shule nikapata mnyororo uko na Simba hayuko. Nikaambiwa ameenda. Wakubwa walikuwa wamemwekea dawa kwa nyama. Kabla wiki iishe kulikuwa na Simba mwingine amefungwa pale pale, na kila mtu nyumbani akaendelea kusema "Simba amekula? Simba amefunguliwa?" kama kawaida. Nililia usiku, lakini hata kulia kwenyewe kulikuwa na shida, kwa sababu ukisema unamlilia Simba watu wanakuuliza, Simba gani? Si huyo hapo.

Hiyo ndiyo kazi ya jina ambalo si jina. Linamfanya mmoja awe sawa na yeyote. Ukimpoteza, hujapoteza chochote, umebaki na nafasi wazi ya kujaza. Babangu si mtu mbaya. Alikuwa anafanya vile kijiji kizima kilikuwa kinafanya. Lakini naamini angemuita yule mbwa Nahashon, ile dawa ingekuwa ngumu kidogo kuweka kwa nyama. Haingewezekana kuniambia "Nahashon ameenda" halafu wiki ijayo kuniletea Nahashon mwingine. Jina la heshima lingemlazimisha mtu aeleze amefanya nini.

Na kwa njia, tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Kumtesa mnyama ni kosa, kumnyima chakula ni kosa. Sheria imekuwepo tangu kabla mimi nizaliwe. Lakini ni nani utamshtaki juu ya kitu kinaitwa "ile umbwa"?

Turudi kwa mama wa namba 7 na hoja ya jina la mtu. Tuongee ukweli. Mbwa wa Kenya wanaitwa nani? Tommy. Jack. Johnny. Bobby. Bosco. Ukisimama kwa estate yoyote ukiita Bosco, watatoka watatu. Sasa niambieni, hayo si majina ya watu? Tommy ni kifupi cha Thomas, yaani Tomaso, yule mtume. Jack ilitokana na John. Johnny ni Yohana waziwazi. Kwa miaka yote hii mageti yetu yamekuwa yakilindwa na mitume, na hakuna mzee wa kanisa ameita mkutano.

Bosco ndiyo inanichekesha zaidi. Bosco ni jina la ukoo la padri Muitaliano, Giovanni Bosco wa Torino, aliyefariki mwaka 1888 na akatangazwa mtakatifu mwaka 1934. Hapa Nairobi kuna kanisa Upper Hill watu wanaliita Don Bosco, na kuna Wakenya wengi wamebatizwa John Bosco. Na padri huyo mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba kulikuwa na mbwa mkubwa aliyekuwa anatokea usiku na kumlinda njiani akivamiwa. Alimwita Grigio, maana yake kijivu. Kwa hivyo mtakatifu alimpa mbwa jina la rangi, na sisi tukawapa mbwa wetu jina la mtakatifu. Nani amelalamika? Hakuna.

Kwa hivyo pingamizi si kwamba mbwa asiitwe jina la mtu. Jack ni mtu. Pingamizi ni kwamba asiitwe jina ambalo kwetu linasikika kama mtu. Nahashon anasikika kama mtu ana shamba la chai, ana watoto wanne, na ni mweka hazina wa chama. Jack anasikika kama mbwa. Na kwa nini Jack asikike kama mbwa? Kwa sababu tumezoea hivyo, basi. Hakuna kingine.

Halafu kuna hii "Simba" tunayoipenda. Na "Chui". Jamani, chui anakula mbwa! Uliza mtu yeyote anayeishi karibu na msitu. Tunamwita mbwa kwa jina la mnyama anayemla, tunaona ni sawa. Nikimpa jina la mzee mtulivu, nimekosea mila.

Wacha niwakumbushe kitu mlifundishwa na mkakisahau. Ngeli. Mwalimu wa Kiswahili alituchapa juu ya ngeli ya A-WA. Kila kilicho na uhai, mtu ama mnyama: mtu amelala, mbwa amelala. Mtoto analia, mbwa analia. Kiswahili hakikumtenga mbwa. Kilimweka kiti kimoja na daktari, na mwalimu, na rais. Ni sisi huku Nairobi tumemshusha. "Umbwa imelala. Umbwa iko wapi. Hiyo kitu ifungwe." Na mkiangalia vizuri, tukishazoea kusema "i" kwa mbwa, hatuishii hapo. Si mmesikia mtu akisema "hiyo chokora ifukuzwe hapa"? Si mmesikia "hiyo mboch yangu imechelewa"? Ulimi hauna breki.

Sasa sikieni kilichotokea kwa ploti yetu. Watoto wa ghorofa ya kwanza, siku za kwanza walikuwa wananiuliza, "Ankoo, hii umbwa yako inauma?" Walipojua jina, bila mtu kuwafundisha, wakabadilika. "Ankoo, Nahashon amekula? Nahashon analala wapi? Nahashon anaogopa mvua?" Amekula. Analala. Anaogopa. Huwezi kusema "Nahashon imekula." Mdomo unakataa. Jina peke yake lilirudisha sarufi mahali pake. Na mawe yakaisha. Kabla ya hapo kulikuwa na wawili walikuwa wanamrushia mawe kwa mchezo, vile sisi wote tulifanya tukiwa wadogo. Ni ngumu kumrushia jiwe mtu anaitwa Nahashon.

Kuna jambo lingine la maana zaidi ya hisia zangu. Kichaa cha mbwa. Nchi yetu ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu kufikia mwaka 2030. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za huo ugonjwa, karibu kila mara anakufa. Na hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Dawa ya kuzuia ni kuwachanja mbwa: ukifikisha angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. (Na ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu ukimbie hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.)

Nilimpeleka Nahashon kuchanjwa kwa ile chanjo ya uwanjani. Kuna cheti unajaziwa, na mahali pa jina la mbwa. Foleni nzima ilikuwa inakwama hapo. "Jina la mbwa?" Kimya. "Tunaiitanga tu umbwa." "Andika Simba." Jamaa mbele yangu alikuwa na mbwa watatu, akasema andika Simba wote. Sasa mwaka ujao utajua vipi ni Simba yupi alichanjwa? Wangu ameandikwa vizuri: Nahashon, dume, rangi ya vumbi, tarehe. Yule daktari wa mifugo alicheka, akaandika, kisha akamuuliza Nahashon kama yuko tayari. Ninyi mnaona ni utani. Mimi naona ni mbwa mmoja ambaye rekodi yake haitapotea.

Sasa nije kwa hoja nzito, kwa sababu ziko.

Baba wa namba 2 anasema haya ni mambo ya wazungu, mbwa kuwa mtoto. Hapo tunakubaliana zaidi ya vile anafikiria. Mimi pia nimeona nyumba ambazo mbwa analetewa nyama ya kusaga na mfanyakazi anakula sukuma ya jana. Hiyo ni aibu. Lakini Nahashon anakula ugali na omena na vichwa vya kuku, na analala kwa gunia. Jina halijanigharimu shilingi. Ukitaka kupigana na mtu anayemlisha mbwa kuliko mfanyakazi, niite, tutaenda pamoja.

Jirani wangu mwingine, wa kutoka Mombasa, alinifuata kwa ngazi. Yeye ni Muislamu na hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake za kuswalia, na mimi humshika Nahashon akipita. Nikadhani amekuja kulalamika. Akaniambia, "Hata wale Watu wa Pango walikuwa na mbwa wao, na ametajwa kwenye Kurani. Wazee wetu husema alikuwa anaitwa Kitmiri." Halafu akaendelea kupanda ngazi, nguo ameishika vizuri. Huyo ni mtu anajua kuweka mpaka bila kudharau.

Halafu kuna hoja ya mila, na hii naiheshimu kabisa. Jamii zetu nyingi hazitoi jina ovyo. Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza huitwa jina la babake baba, na msichana wa kwanza la mamake baba. Kwa Wajaluo mtoto anaweza kupewa jina la jamaa aliyekufa. Jina hapo ni mtu anarudi nyumbani. Ukimpa mbwa jina la babu ya mtu, umemfunga huyo babu mnyororo. Ndiyo maana nilimpigia mum. Ndiyo maana niliuliza ploti. Na nimemwambia mwenye nyumba hivi: akija mpangaji anaitwa Nahashon, ama mtu hapa aseme babake aliitwa hivyo, nitabadilisha siku hiyo hiyo, na nitaomba msamaha. Lakini hakuna aliyesema hivyo. Wamesema tu "ni jina la mtu", mtu ambaye hakuna anayemjua. Hapo sikubali kwamba kuna yeyote amevunjiwa heshima. Heshima si unga wa kilo mbili, kwamba mbwa akipimiwa kijiko watu watalala njaa.

Sasa lile pingamizi lililonishinda. Halikutoka kwa grupu. Lilitoka kwa geti.

Soja wetu wa usiku tumekuwa naye miaka mitatu. Ananifungulia saa sita, saa nane, nikitoka kushuti video. Nahashon anampenda, usiku analala karibu na kibanda chake. Juzi nikamwambia, "Soja, eti wanataka nibadilishe jina la Nahashon." Akacheka. Akasema, "Ni jina zuri. Usibadilishe." Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe mbwa wako unamuita Nahashon. Mimi unaniitaje?"

Wasee, sikuwa na jibu. Miaka mitatu. Soja. Boss. Mkubwa. Nimeandika hapa maneno mengi juu ya Simba watano ambao hawakuwa na jina lao wenyewe, na mimi nimeishi na mtu ambaye nilimpa cheo badala ya jina, na akiondoka akaja mwingine ningemwita vile vile. Soja. Anaripoti Jumatatu.

Niliomba msamaha palepale. Akaniambia jina lake, na ninalijua sasa, na la watoto wake wawili. Silitaji hapa kwa sababu ni lake, si langu kutangaza.

Najua wengine mtasema basi ameshinda kesi, anza na watu kwanza ndiyo uje kwa mbwa. Hapana. Yeye mwenyewe alisema nisibadilishe. Hakutaka Nahashon apunguziwe, alitaka yeye aongezwe. Na singewahi kuulizwa lile swali kama yule mbwa angekuwa anaitwa Simba. Anayejifunza kutaja jina kwa mmoja anaanza kuona ni wangapi hajawahi kuwataja. Kwangu ilianza na mbwa. Ingekuwa bora ingeanza na mtu, nakubali. Lakini ilianza.

Jana tulikuwa na mkutano wa ploti pale kwa maegesho. Niliyasema haya yote, kwa kifupi. Mwenye nyumba alisema atafikiria. Baba wa namba 2 bado anataka Simba. Mama wa namba 7 alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jina hilo hatalitamka hata siku moja, na hiyo ni haki yake. Halafu akainuka kwenda, Nahashon akiwa amelala njiani, akaniambia, "Mwambie huyo wako anipishe."

Huyo. Hakusema hiyo. Nilimshukuru, sidhani alijua kwa nini.

Tarehe 5 ni Alhamisi. Mwenye nyumba akisema tuhame, tutahama wawili, na cheti cha chanjo kiko kwa begi kimeandikwa jina kamili. Wewe niambie hapo chini mbwa wako anaitwa nani, na kama ni Simba, ni Simba wa ngapi. Halafu leo jioni ukifika kwa geti, muulize soja wako anaitwa nani.